Miguu ya Wazee na Mahali pa Kale

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Gakoromone, Meru)



Halmashauri imetuagiza sisi tulio karani wenu tusimame mbele yenu kwa muda mfupi, tueleze jambo moja lililomo katika hesabu za mwaka huu. Katika ukurasa wa matumizi, chini ya misaada ya maziko na karo za yatima, mtaona mstari mmoja ulioandikwa "Matembezi ya Wazee". Fedha zilizotumika hapo si nyingi, lakini maneno yaliyosemwa juu yake ni mengi. Tumeyasikia sokoni, tumeyasikia garini, na mengine tumeyasikia mlangoni mwa ofisi yetu wenyewe. Wako wasemao kwamba chama cha ustawi kiliundwa ili kuwasaidia wenye shida, si kuwapeleka vikongwe kutazama miti. Wako waliotukumbusha methali isemayo, mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo hatuikatai. Lakini twaomba kuwaeleza kwa nini Halmashauri iliona ni afadhali miguu ya wazee wetu iliwe na njia kuliko kuliwa na kiti.

Chanzo cha jambo hili

Wengi wenu mlimjua mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, ambaye hatutamtaja jina kwa heshima ya nyumba yake. Mzee huyo alikuwa akituambia kwamba aijua njia ya zamani ipitayo katika Msitu wa Imenti, ambayo baba yake aliipita na rika lake walipokuwa wakipeleka mbuzi upande wa malisho. Kando ya njia hiyo, alisema, pana mti na jiwe, na hapo wazee wa pande mbili waliapa kuumaliza ugomvi wa mpaka. Kila mkutano ulipokwisha alitushika mkono akasema, "Nipelekeni, nitawaonyesha."

Mara ya kwanza tuliafikiana kwenda mwezi wa Novemba, mvua ikatuzuia. Mara ya pili hapakuwa na nauli. Mara ya tatu Halmashauri ilikutana lakini akidi haikutimia, shauri likaahirishwa. Kabla ya mara ya nne tulikwenda nyumbani kwake kumzika. Pale kaburini wanawe walituuliza kama baba yao aliwahi kutuambia mti ule uko wapi hasa. Tuliinamisha vichwa. Madaftari ya mikutano tunayo, yameandikwa kwa wino mzuri, na mara tatu limeandikwa neno "limeahirishwa". Mti hatuna.

Juma lililofuata Halmashauri ilikata shauri kwamba wazee wa chama watakaopenda, waume kwa wake, watapelekwa kwa zamu katika mahali pa kale na hifadhi za taifa zilizo karibu nasi, waende kwa miguu kadiri kila mmoja awezavyo, na kila mzee afuatane na kijana mmoja wa nyumba yake. Kijana atabeba mzigo na kuandika yatakayosemwa. Hiyo ndiyo kazi iliyomo katika mstari ule wa hesabu.

Kutembea si jambo geni kwetu

Tusidhani kwamba kutembea ili kuona nchi ni desturi ya wageni peke yao. Sisi Wameru asili ya habari zetu ni safari ya miguu. Wazee wetu husimulia jinsi babu zetu walivyotoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu waliowatesa, na jinsi walivyoyavuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, walio weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, walio wekundu. Na waliovuka mchana wakaitwa Njeru, walio weupe. Tangu hapo walitembea, kizazi baada ya kizazi, hata wakaufikia mlima huu.

Hata mji wetu wa Meru ulianzishwa na mtu aliyesifiwa kwa miguu yake. E. B. Horne, ofisa wa Kiingereza aliyefungua kituo cha serikali hapa mwaka 1908, wazee walimwita Kangangi, yaani mtembezi mdogo, kwa sababu hakutulia mahali pamoja. Mtawala yule alijua kwamba mtu haijui nchi kwa kuketi ofisini. Ikiwa mgeni alijifunza nchi yetu kwa miguu, je, sisi wenyewe tuijue kwa kuambiwa?

Tulipoanza kuandika majina ya watakaokwenda, kijana mmoja alimwuliza mama mmoja wa chama kama kweli ataweza. Mama yule alikuwa akiuza ndizi hapa Gakoromone miaka mingi. Alimjibu, "Mwanangu, miguu hii ilibeba mikungu ya ndizi hadi soko hili kabla mama yako hajaolewa. Leo haina mzigo ila mimi mwenyewe." Jina lake liliandikwa la kwanza.

Jumba la Makumbusho

Tulianza karibu, kwa maana mwenda pole hajikwai. Matembezi ya kwanza yalikuwa kutoka hapa Gakoromone hadi Jumba la Makumbusho la Meru, mjini. Nyumba ile ya mawe ilijengwa mwaka 1916 iwe ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mwaka 1974 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Baadhi ya wazee wetu walikuwa hawajaingia humo tangu ilipoacha kuwa ofisi. Mmoja alisimama mlangoni akavua kofia, kisha akacheka peke yake, akasema kwamba miaka ile hakuna aliyeingia hapa na kofia kichwani, na mkono wake bado wakumbuka.

Ndani mna vyombo vya kale na habari za mila zetu, na uani mna mfano wa boma la Kimeru pamoja na bustani ya miti ya dawa. Wanafunzi wa shule moja walikuwamo siku ile pamoja na mwalimu wao. Basi mama zetu walipofika bustanini walianza kuulizana mti huu hutibu nini, na huu hutolewa gome upande gani. Haukupita muda wanafunzi wote walikuwa wamewazunguka mama zetu, na mwalimu naye ameketi chini pamoja nao akiandika. Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo hatukulifikiria tulipokuwa tukipanga: tulidhani twawapeleka wazee kuangalia makumbusho, kumbe tumeyapelekea makumbusho kitu yalichokikosa.

Msitu wa Imenti na Ziwa Nkunga

Matembezi ya pili yalikuwa katika msitu. Tulipanda gari katika barabara ya Nanyuki, kisha tukaingia kwa miguu, askari wa msitu akitangulia, maana ndovu wangali wakipita humo. Huu ndio msitu wa miti ya muuru, ambayo mbao zake hujulikana hata nje ya nchi kwa jina la Meru. Wazee walitambua miti ambayo vijana huiita yote kwa jina moja tu, "mti". Mzee mmoja aliwahesabia miti saba pasipo kupumzika, akataja ule wa kuchongea mizinga, ule wa mpini wa shoka, na ule usioletwa kamwe nyumbani kuwa kuni.

Kisha tukafika Ziwa Nkunga, ambalo wengi huliita Ziwa Takatifu. Ni ziwa dogo la mviringo, limezungukwa na miti na kujaa majani, na ukimya wake humfanya mtu apunguze sauti bila kuambiwa. Wataalamu wamelichimba tope la chini yake na kulitazama kwa darubini. Katika tope hilo mna chavua, ule unga wa maua, iliyotua humo mwaka baada ya mwaka kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kwa hiyo wameweza kujua kwamba zamani za baridi kuu, miaka kama 20,000 iliyopita, miti na majani ya mahali hapa hayakuwa kama haya ya leo.

Tulipowaeleza wazee habari hiyo, mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ziwa nalo ni mzee. Linaweka habari zake chini, na asiyechimba hapati." Neno hilo limeandikwa katika daftari letu.

Nchiru

Matembezi ya tatu yalitupeleka Nchiru katika Tigania, kwenye nyumba ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Habari zake hatutasema nyingi, kwa kuwa wako hapa walio na haki ya kuzisema kuliko karani. Twasema hili tu: tulipeleka barua ya kuomba ruhusa kwanza, tukapokewa kwa heshima, na tulipoambiwa tusimame hapa tusipite pale, tulisimama. Mahali pa kale si mali ya mwenye macho, ni mali ya wenyewe.

Jirani na hapo kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, juu ya ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke. Wazee wetu walitembea kutoka mahali hapa hadi pale, wakaona vijana wakipita na vitabu. Wengi wa vijana wale huenda hawajui ni nani aliyewapa mahali pa kusomea. Na wengi wa wazee wetu walikuwa hawajapata kuona zawadi hiyo imezaa nini. Hatua chache za miguu ziliwakutanisha.

Mlimani

Sasa twafika katika matembezi yaliyoleta maneno mengi, yaani yale ya mlimani kwa njia ya Chogoria.

Mlima Kenya ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1949, na mwaka 1997 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona ni Ludwig Krapf, mnamo Desemba 3, 1849, akiwa Kitui, na alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Kilele kirefu, Batian, kina mita 5,199, cha pili ni Nelion chenye mita 5,188, nacho Lenana, kifikiwacho bila kamba, kina mita 4,985. Batian ilipandwa mara ya kwanza na kundi la Halford Mackinder mwaka 1899. Na usiku wa Uhuru, Desemba 12, 1963, bendera ya Kenya ilipandishwa Lenana na mwananchi mwenzetu Kisoi Munyao.

Hatukukusudia kuwapeleka wazee Lenana. Tulikusudia kufika lango la hifadhi la upande wa Chogoria, mahali penye kimo cha karibu mita 2,950, tulale huko usiku mmoja, na asubuhi tutembee polepole mbele kidogo, kuelekea maporomoko ya Mto Nithi. Wazee hawa wamekunywa maji ya mito ya mlima huu maisha yao yote, lakini hawajaona yatokako.

Hapo palitokea kosa, nalo ni letu. Mzee mmoja aliumwa kichwa usiku, naye hakutuambia kwa sababu hakutaka kuwarudisha wenzake. Asubuhi alipotembea robo saa akaishiwa na pumzi na kuanza kutapika. Twajua sasa, na ilitupasa kujua kabla, kwamba kupita mita 2,500 hewa huwa nyembamba na mwili wa mtu yeyote, awe kijana au mzee, waweza kuukataa; na dawa ya kwanza si kidonge wala kupumzika hapo hapo, ni kushuka. Kiongozi wa njia alimshusha mara moja, na alipofika chini akapata nafuu. Daktari alimwona siku ile ile, akamruhusu kwenda nyumbani. Habari ilipofika Gakoromone ilikuwa imekua njiani, hata wengine wakasema mzee amefia mlimani. Mzee mwenyewe ameketi pale katika safu ya pili, na ametukataza kumtaja, lakini hakutukataza kusema kwamba tarehe ya safari nyingine amekwisha kuiuliza.

Wale waliobaki walitembea hata wakausikia mto. Mawingu yalifunguka kidogo na vilele vikaonekana. Sisi Wameru twauita mlima huu Kirimara, yaani mlima wenye mabaka meupe. Wazee waliutazama sana, kisha mmoja akauliza, "Weupe wake uko wapi?" Walikuwa wakiukumbuka walivyouona katika utoto wao. Ni kweli isemwayo na wapimaji: mwanzoni mwa karne ya 20 zilihesabiwa sehemu 18 za barafu ya kudumu juu ya mlima, na nyingi katika hizo zimekwisha kutoweka, nazo zilizosalia zinapungua kila mwaka kwa sababu ya joto la dunia kuzidi. Mtoto azaliwaye leo huenda akaurithi mlima pamoja na jina ambalo maana yake haionekani tena. Ni nani atakayemweleza kwamba jina lilikuwa kweli, kama si yule aliyeuona?

Neno lililosemwa ukingoni mwa msitu

Tulipokuwa tukiteremka, tulipumzika mahali ambapo msitu unakwisha na mashamba ya majani chai yanaanza. Mzee mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini hakuketi. Alikwenda akisogeza majani kwa fimbo, mjukuu wake akimfuata, hata akasimama penye bonde dogo lililojaa vichaka, ambalo sisi tulidhani ni njia ya maji.

Akatuambia kwamba ule ni mtaro. Serikali ya wakoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952, na vita vya msituni vikaendelea, watu wa kandokando ya mlima walilazimishwa kuchimba mitaro mirefu ukingoni mwa msitu, ili waliomo wasitoke na chakula kisiingie. Mama yake alichimba hapo. Yeye alikuwa mvulana mdogo, na kazi yake ilikuwa kumchukua mdogo wake mgongoni mama apate kushika jembe. Kaka yake mkubwa alikuwa ndani ya msitu, upande wa pili wa mtaro uleule. Kaka huyo hakurudi. Amiri wa upande wetu, Musa Mwariama, alitoka msituni pamoja na watu wake wakati wa Uhuru mwaka 1963, na mama alikwenda kutazama katika nyuso zao, akarudi nyumbani peke yake.

Mjukuu alimwuliza, "Babu, mbona hukutuambia?" Mzee alijibu: "Nyumba yetu ilikuwa na mtu wa msituni, na ilikuwa na homgadi. Tulinyamaza ili tuweze kula pamoja. Kisha kunyamaza kukawa desturi. Nyumbani sikuweza kusema. Hapa nimeweza, kwa sababu mtaro umesema kwanza."

Hatukuwa na la kuongeza. Yule kijana aliandika kurasa nne katika daftari lake, akapiga picha mahali pale, na siku hiyo hiyo tukaweka alama ili pasipotee. Kwa idhini ya mzee na nyumba yake, kurasa hizo zimo katika kabati la chama, na kila mwanachama aweza kuja kuzisoma.

Ndugu wanachama, tafadhalini pimeni mambo haya mawili. Mzee wa kwanza alituomba tumpeleke, tukaahirisha, na alichokijua kimezikwa naye. Mzee wa pili hakuomba kitu, alitembea tu, na neno lililokaa kimya miaka sabini likapata mahali pa kutokea. Kati ya mzee yule na huyu pana nauli ya gari na siku moja.

Mbuga ya wanyama

Kwa ufupi tutataja pia safari ya Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, nchi yenye mito mingi itokayo vilima vya Nyambene. Ndiko aliko jike la simba aitwaye Elsa, aliyefugwa na akina Adamson, akarudishwa mwituni, akafa mwaka 1961. Kaburi lake liko kando ya Mto Ura. Huko miguu haina uhuru. Mtu hushuka garini mahali palipowekwa kwa ajili hiyo tu, au akiwa pamoja na askari mwenye bunduki, kwa maana simba hajui heshima ya mvi. Wazee waliifuata sheria hiyo bila ya manung'uniko. Vijana ndio tuliolazimika kuwakemea.

Mambo tuliyojifunza

Halmashauri imeandika kanuni hizi, nazo zitafuatwa tangu sasa:

1. Kila mzee atakayekwenda aonwe kwanza na mganga wa hospitali, apimwe shinikizo la damu na moyo. Na dawa anazokunywa kila siku azichukue safarini.

2. Matembezi yaanze mafupi na ya tambarare. Asiyetembea juma zima mjini asianze na mlima.

3. Mwendo uwe wa aliye nyuma kabisa, wala si wa aliye mbele. Mtu mmoja mwenye afya awe wa mwisho daima.

4. Aumwaye aseme upesi. Kunyamaza si ushujaa. Huko juu, aumwaye kichwa hupanda tena siku nyingine. Siku ile hushuka.

5. Viatu viwe vile vilivyokwisha kuzoea mguu. Kila mtu awe na fimbo, sweta, kitu cha kujikinga na mvua, maji, na chakula kisichoharibika upesi. Viazi vitamu na chai ya moto vimetufaa kuliko vitu vya dukani.

6. Ruhusa ziombwe na ada ziulizwe mapema, kwa wakuu wa hifadhi, wa misitu, au kwa wazee wenye mahali. Anayeongoza awe mwenyeji wa njia.

7. Lisiokotwe jiwe, wala lisichongwe jina juu ya mti au ukuta.

8. Kijana afuatanaye na mzee awe na daftari na kalamu, wala asimkatize mzee anaposema.

Safari ya mwaka ujao

Kwa mwaka ujao Halmashauri yaleta ombi moja kubwa. Wazee wameomba kwenda pwani. Tulipowauliza sababu, walijibu neno moja: Mbwaa. Wako wataalamu wa historia wanaodhani kwamba Mbwaa ya masimulizi yetu ni kisiwa cha Manda, kinachoelekeana na Lamu; wengine hawakubali. Katika kisiwa hicho yapo magofu ya Takwa, mji wa Waswahili wa kale. Sisi hatuwezi kuamua ugomvi wa wataalamu. Lakini twaona ni haki kwamba wale wanaoibeba habari ya kuyavuka maji wasimame mara moja mbele ya maji yale.

Njiani watapita Mombasa waione Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Watapita pia Gede, karibu na Malindi, mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu, hata ulipowekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1927. Gede hapana mlima, pana kivuli, na njia zake zafaa miguu ya taratibu. Kila atakayekwenda atalipa nusu ya gharama. Chama kinaombwa kulipa nusu, pamoja na gharama yote ya wale wasio na mtoto wa kuwasaidia.

Mwisho

Twasoma katika Biblia habari za Kalebu, ambaye akiwa na umri wa miaka themanini na mitano hakuomba kiti, aliomba mlima. Sisi hatuahidi kumpa kila mzee mlima. Twaomba tu kwamba yule aliye na kitu cha kutuonyesha asituombe mara nne.

Hatusemi kwamba matembezi ni makubwa kuliko karo au maziko. Karo humjenga mtoto, na maziko humsitiri marehemu. Lakini kati ya mtoto na kaburi yuko mzee aliye hai, mwenye njia kichwani mwake, na miguu iliyosaliwa na miaka michache. Chama cha ustawi kikimsahau huyo mpaka siku ya jeneza, kitakuwa kimemjia kwa wakati, ila kwa jambo moja tu.

Karatasi za kupiga kura juu ya ombi hili zimo mezani. Mkikubali, tutaandika "limekubaliwa". Mkikataa, tutaandika "limekataliwa", nasi tutatii. Twawasihi jambo moja peke yake: msituamuru tuandike tena "limeahirishwa".